Königsberg ya Rufiji: picha zimebaki

Wadau wa Kibiti na delta, mnaijua Königsberg? Septemba 1914 injini ya meli hiyo ya Mjerumani iliharibika, ikajificha Rufiji. Vipuri vikaburutwa na wabebaji hadi Dar kutengenezwa, kisha vikarudishwa. Tarehe 11 Julai 1915 Waingereza wakaimaliza. Mabaki mengine yalikatwa chuma chakavu, mengine yakamezwa na tope.

Bahati nzuri, mwaka 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani ilianza kuweka picha zaidi ya 80,000 za zamani Wikimedia Commons, bure. Lakini mara nyingi maelezo yanamtaja ofisa, mbebaji hatajwi.

Ukikuta picha ya meli au treni kwa babu, iskani mbele na nyuma, muulize mahali, mwaka na majina, andika, ndiyo uipandishe. Babu akiondoka, nani atakutajia?