Tezi Dume Si Jina la Ugonjwa

Wahenga walitwambia kwamba mficha uchi hazai. Methali hiyo tumeifundisha darasani miaka nenda miaka rudi, na wanafunzi wetu wameikariri wakapitia mitihani. Lakini mimi sikuwahi kuiona maana yake waziwazi kama nilivyoiona jioni ile jirani yangu mmoja, mvuvi wa zamani wa Dunga, aliponijia nyumbani na karatasi mfukoni.

"Mwalimu," aliniambia baada ya kuhakikisha kuwa watoto wametoka sebuleni, "nisomee hukumu yangu."

Karatasi yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Zahanatini mzee huyo alikuwa ameambiwa maneno matatu tu: "Una tezi dume." Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akiamka mara nne au tano kila usiku kwenda haja ndogo, na mkojo ukimtoka kwa matone. Mkewe hakumwambia. Baada ya maneno yale matatu alianza kuwagawia wanawe nyavu na mashua. Niliposoma nilikuta imeelezwa bayana kwamba uvimbe wake haukuwa saratani.

"Jaduong'," nilimwambia, "hata mimi ninayo tezi dume. Kila mwanamume anayo."

Alinitazama kwa muda mrefu asiseme neno.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye kiini cha makala haya. Mara ngapi tumesikia redioni au kusoma magazetini kuwa fulani "anaugua tezi dume"? Tezi dume ni kiungo, si maradhi. Iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji ya shahawa. Kumwambia mtu kuwa ana tezi dume ni sawa na kumwambia kuwa ana ini. Tezi hiyo huelekea kupanuka kadiri umri unavyosonga, na takribani nusu ya wanaume waliofikia miaka 60 huwa imepanuka. Upanuzi huo si saratani wala haugeuki kuwa saratani, ingawa mtu mmoja anaweza kupatwa na yote mawili, na ndiyo sababu hupimwa. Una dawa, na ikibidi, una upasuaji. Ukipuuzwa, mkojo unaweza kuziba na figo zikadhurika. Basi aliyetishwa na aliyeficha wote huangamia kwa kukosa neno moja: "usio". Uvimbe usio saratani. Neno hilo dogo lilipotea njiani kati ya daktari na mzee wangu.

Nchini Marekani, watafiti wa magonjwa ya njia ya mkojo yasiyo ya saratani wana mkutano wao wa kisayansi wa kila mwaka. Humo huketi pamoja madaktari, wanabiolojia na wahandisi, kila mmoja akileta alichovumbua. Maradhi haya mara nyingi hayaui upesi, kwa hiyo husahauliwa upesi, na aibu huyafunika.

Je, sisi wa ufuo huu tunaweza kuwa na baraza kama hilo? Kisumu si mgeni wa utafiti wa ushirikiano. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini, KEMRI, iliyoanzishwa mwaka 1979, ina kituo chake hapa. Mwaka 2002 wanasayansi wa Kenya, Marekani na Kanada walianza hapa Kisumu utafiti wa vijana 2,784 wa kati ya miaka 18 na 24, kuchunguza iwapo tohara inazuia virusi vya Ukimwi. Desemba 2006 ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu manufaa yalikwisha kudhihirika: hatari ya kuambukizwa ilipungua kwa takriban nusu. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara kuwa mojawapo ya njia za kinga.

Mwanaisimu hawezi kulipita jambo hilo bila kulitafakari. Waluo kwa desturi hawana jando. Kiswahili hutenganisha tohara, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu usafi, na jando, ambalo ni unyago wa wavulana. Mtafiti ambaye angeyachanganya maneno hayo mawili angeonekana anawataka vijana wabadili kabila, si kujikinga na maradhi.

Chukua pia kichocho. Msomaji wa pwani akisikia neno hilo hufikiria damu kwenye mkojo, na kule ndivyo kilivyo. Lakini aina iliyoenea katika fuo za Ziwa Victoria hushambulia utumbo na ini. Mvuvi wa Port Victoria anayeungoja mkojo mwekundu ndipo aende hospitali anaweza kungoja hadi ini limeharibika. Jina ni moja, dalili ni mbali.

Sisemi kwamba wanasayansi waache Kiingereza. Wakitumie wanapozungumza wao kwa wao. Nisemalo ni kuwa mkutano wowote wa utafiti unaofanywa katika ufuo huu uwe na siku yake ya mwisho ya kuwarudishia matokeo wale waliotoa damu na mkojo wao upimwe, kwa Kiswahili na kwa Dholuo, huku wanaisimu na walimu wakiwa mezani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Katiba ya 2010 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kilichobaki ni kazi.

Na kazi hiyo inaanzia kwako, mwalimu, na kwako, mwanafunzi. Kesho mtakapoisoma insha yenye maneno "anaugua tezi dume", sahihisheni. Jirani yangu alianza dawa, na nyavu zake amezirudisha. Lakini alipoteza mwaka mzima wa usingizi kwa ajili ya sentensi iliyokatwa katikati.