Mkia wa Dinosaria na Ushahidi wa Mfupa

Katika jangwa la Gobi, nchini Mongolia, walifukuliwa katika miaka ya 1990 dinosaria wawili wa aina ya Khaan mckennai, waliozikwa pamoja yapata miaka milioni 75 iliyopita. Walipewa jina la utani Romeo na Juliet. Jina hilo lilikuwa mzaha, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba mmoja alikuwa dume na mwingine jike. Viungo laini vya mwili huoza. Kinachobaki ni mfupa.

Mwaka 2015, Scott Persons wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, pamoja na wenzake, walieleza jambo waliloliona mikiani. Wanyama hao wawili walikaribiana sana kwa umbo na ukubwa, isipokuwa katika vifupa vidogo vinavyoning'inia chini ya pingili za mkia. Kwa mmoja wao, vifupa vya karibu na shina la mkia vilikuwa vikubwa zaidi, na ncha zake zimepanuka mfano wa kichwa cha mkuki. Kwa mwenzake vilikuwa vifupi na vya kawaida. Watafiti hao walipendekeza kwamba mwenye vifupa vikubwa alikuwa dume, na kwamba upana ule uliipa misuli mahali pa kujishikiza, ili mkia upate nguvu ya kuchezeshwa mbele ya jike.

Pendekezo hilo halikutoka hewani. Dinosaria wa kundi hili, waitwao oviraptorosaria, ni jamaa wa karibu wa ndege. Caudipteryx, aliyetambulishwa kwa wataalamu mwaka 1998 kutoka Liaoning, China, alikuwa na manyoya marefu yaliyopangika kama kipepeo kwenye ncha ya mkia, ilhali mikono yake ilikuwa mifupi mno kumwezesha kuruka. Jamaa yake Nomingia, wa Mongolia, alikuwa na pingili za mwisho wa mkia zilizoungana kuwa mfupa mmoja. Katika ndege wa leo, mfupa wa namna hiyo ndio unaobeba manyoya ya mkia. Mkia wenye manyoya, misuli yenye nguvu, na mwenye navyo haruki: basi vilitumika kwa kazi gani? Tausi anatoa mfano wa jibu. Manyoya yake marefu yenye macho huota juu ya mkia, na mkia wenyewe, ulio mfupi, ndio unaoyainua na kuyategemeza anapojitandaza mbele ya jike.

Msomaji wa taaluma ya afya ataitambua njia hii ya kufikiri. Mfupa hubeba alama za misuli iliyoushika. Hata binadamu anacho kisalia cha mkia, yaani kifandugu, kilichoundwa kwa pingili chache ambazo aghalabu zimeungana. Nacho si pambo, maana baadhi ya misuli ya sakafu ya nyonga hujishikiza hapo. Ndiyo sababu mtu aliyeanguka akakalia kitako huweza kuumwa si kwa kukaa tu, bali hata anapokwenda haja kubwa.

Hata hivyo, mfupa ukionyesha kwamba misuli ilikuwa na nguvu, hausemi nguvu hiyo ilitumika kwa nini. Mkia huweza kusaidia mnyama kujisawazisha akimbiapo, au kumtisha mshindani. Tena hawa ni wawili tu. Tofauti kati ya watu wawili haitoshi kuwa kanuni ya wanaume na wanawake. Yaweza kuwa tofauti ya kila mmoja kwa nafsi yake. Mwaka 2017 mtaalamu Jordan Mallon alipitia upya madai ya tofauti za dume na jike katika dinosaria mbalimbali, na hakupata ushahidi wa kitakwimu uliotosheleza.

Je, kipo kipimo cha kuamua? Kipo kimoja, nacho kina mipaka. Ndege jike anapokaribia kutaga hujenga ndani ya mifupa yake tishu ya muda, yenye kuhifadhi kalsiamu ya kutengenezea maganda ya mayai. Mwaka 2005 Mary Schweitzer na wenzake waliripoti tishu inayofanana na hiyo katika mfupa wa Tyrannosaurus rex. Ikionekana, ni dalili ya jike aliye katika msimu wa kutaga, ingawa yapo maradhi ya mifupa yanayoweza kuiga sura yake. Isipoonekana, haithibitishi dume. Huenda ni jike ambaye msimu wake haujafika. Kila mhudumu wa maabara anaijua tahadhari hiyo: jibu hasi halina maana moja na kutokuwepo kwa hali inayotafutwa.

Kwa hiyo dhana ya mkia wa uchumba inabaki kuwa maelezo yanayokubaliana vizuri na mifupa, manyoya na mwenendo wa ndege wa leo, lakini bado haijathibitika. Kitakachoiimarisha au kuiangusha ni mifupa mingine ya Khaan: ikiwa mikia yao itagawanyika katika makundi mawili yaliyo wazi, Romeo na Juliet watakuwa wamestahili majina yao. Ikiwa vifupa vile vitapatikana vya kila ukubwa, kuanzia vidogo hadi vikubwa, mzaha utabaki mzaha.