Mkosaji Sugu na Umri Wake

Watafiti waliopekua kumbukumbu za polisi za Philadelphia, Marekani, walifuatilia wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945 hadi walipofikisha miaka 18. Karibu theluthi mbili hawakuwa na kosa lolote. Sita katika kila mia ndio waliofanya zaidi ya nusu ya makosa yote. Sweden nako, kumbukumbu za watu milioni 2.5 zilionyesha kwamba asilimia 1 tu walibeba asilimia 63 ya hukumu zote za ukatili.

Mama anayefunga genge lake kabla ya magharibi kwa kuogopa vibaka atauliza, na ana haki ya kuuliza: kwa nini wachache hao wasifungwe maisha?

California ilijaribu. Tangu 1994, aliyekwisha kutiwa hatiani mara mbili kwa makosa mazito alifungwa miaka 25 hadi maisha kwa kosa la tatu, hata likiwa wizi. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibariki kifungo hicho kwa mtu aliyeiba fimbo tatu za gofu. Mwaka 2012 wapiga kura wenyewe wakailegeza sheria.

Kuna jambo ambalo sheria ile haikulipa uzito: umri. Watafiti waliwafuatilia wavulana watukutu wa Boston hadi uzeeni, wakaona kwamba hata walio sugu hupunguza makosa kadiri miaka inavyosonga. Tafiti nyingi zimekuta pia kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kukamatwa, kuliko urefu wa kifungo.

Tanzania, unyang'anyi wa kutumia silaha una adhabu isiyopungua miaka 30. Kijana wa miaka 22 akiitumikia yote atatoka na 52. Miaka ya mwanzo inatulinda kweli, ile ya mwisho inatulinda kidogo sana. Sisemi wafunguliwe, aliyekatwa panga anadai haki yake, wapo wasiotulia hata wakizeeka, na takwimu za wengi hazimjui huyu mmoja aliyesimama kizimbani.

Ila tuangalie ule uhakika wa kukamatwa na kuadhibiwa unapovujia. Dereva wa bodaboda aliyejeruhiwa usiku anaitwa kutoa ushahidi. Anaacha kazi, anajilipia nauli, anakaa kwenye benchi hadi mchana, kisha anaambiwa kesi imeahirishwa. Inaahirishwa tena, na tena. Siku anayoacha kwenda, mshtakiwa anaweza kuachiwa, na kile kifungo cha miaka 30 kinabaki kwenye karatasi.