Apu ya Chakula: Usiangalie Ofa, Angalia Jumla

Ni saa mbili usiku, mvua inanyesha na jikoni hakuna kitu. Unashika simu uagize chipsi kuku. Uber Eats, Glovo au Bolt Food? Wengi wetu huenda na ile iliyotutumia ofa mchana. Sawa, lakini ofa ni chambo tu. Kabla ya kubonyeza, angalia mambo haya manne.

1. Bei ya mwisho
Hoteli nyingi hupandisha bei kidogo kwenye apu kwa sababu apu huwakata kamisheni. Juu yake kuna ada ya kuletewa na ada ya huduma. Tuseme chipsi kuku ni shilingi 450 ukienda mwenyewe. Kwenye apu ni 520, kuletewa 100, huduma 40. Jumla 660. Hata ukipewa punguzo la 100, bado umelipa 110 zaidi. Kama uvivu wa leo una thamani ya 110, agiza! Muhimu ni ujue.

2. Umbali
Ukiwa Rongai, apu iliyojaa hoteli za Westlands haikusaidii. Chagua yenye hoteli za mtaa wako. Ada hushuka na chakula hufika kikiwa moto.

3. Njia ya kulipa
Ukichagua kulipa kwa simu, ombi la malipo litatokea kwenye skrini yako. Soma jina la biashara na kiasi, ndio uweke PIN. PIN haiandikwi kwenye chati ya apu, wala haambiwi raida. Na raida akisema, "Kansel oda, nitumie kwa namba yangu," kataa. Chakula kisipofika, apu haitakuwa na rekodi ya malipo yako.

4. Pesa ikirudi
Oda ikikosekana, pesa inarudi kwa simu au inabaki kama salio ndani ya apu? Soma sehemu ya kurejeshewa pesa mapema, kabla hujapata shida. Mwisho wa 2023, Jumia Food ilifunga kazi hapa Kenya, na wateja wake wakalazimika kutafuta apu nyingine. Kwa hivyo usirundike salio kwenye apu yoyote. Weka pesa yako kwa simu, ulipe oda moja moja.

Leo jioni jaribu hivi: weka chakula kilekile kwenye apu mbili, fika hadi ukurasa wa malipo, kisha linganisha jumla. Dakika mbili tu, na huenda nauli ya kesho imepatikana.