Hilux ao Land Cruiser: pikapu gani inaweza mzigo na barabara za mashariki?

Familia ikifikisha makuta ya kununua pikapu, ao koperative ya kakao ikimaliza kukusanya michango ya wanachama, mabishano yanaanza siku ileile. Wamoja wanataka Hilux. Wengine wanasema Hilux ni ndogo, afadhali kungoja kidogo na kununua Land Cruiser, ile ya pikapu inayoitwa 79. Siku hizi kuna na sauti ya tatu: ndugu aliye Marekani anapiga simu na kusema anaweza kutuma pikapu ya huko, kubwa kushinda zote mbili. Kila mmoja ana sababu yake. Lakini mara nyingi wote wanasahau maswali mawili ambayo shofa mzoefu angeanza nayo: utabeba kilo ngapi, na nani ataitengeneza ikikufia njiani?

Kubwa kwa macho, kubwa kwa mzigo

Huko Marekani pikapu zinagawanywa kwa madaraja. Kuna za kati, kama Toyota Tacoma na Ford Ranger, na kuna kubwa kamili, kama Ford F-150, Chevrolet Silverado na Toyota Tundra. F-150 ya milango mine inafika karibu mita 5.9 kwa urefu, na upana wake unapita mita 2 bila kuhesabu vioo vya pembeni. Hilux ya milango mine ina urefu wa kama mita 5.3 na upana wa kama mita 1.85. Kwa kipimo hicho Hilux ni pikapu ya kati, hakuna mabishano.

Sasa pima Land Cruiser 79. Urefu wake ni kama mita 5.2, yaani ni fupi kidogo kuliko Hilux! Upana ni karibu uleule. Gari ambayo watu wanaita kubwa iko daraja moja na ile wanayoita ndogo, kama ni kwa kipimo cha mita tu. Tofauti iko chini. Shasi ya 79 ni nzito zaidi. Mbele iko na ekseli nzima ya chuma inayounganisha mipira miwili, wakati Hilux iko na mikono inayojitegemea kila upande. Nyuma zote mbili zinakaa juu ya resori za lamu. Ekseli nzima inatikisa abiria mpaka mgongo unauma, lakini iko na viungo vichache vya kuchakaa. Shimo linalopindisha mkono wa Hilux, mara nyingi 79 inalipita ikiwa imekasirika tu.

Na pikapu ya Marekani? Wamarekani wenyewe wanaita daraja la F-150 "nusu tani", jina la tangu zamani. Leo zinabeba zaidi ya hapo, lakini nyingi za milango mine zinabeba kati ya kilo 700 na kilo 1000, yaani hazipiti Hilux ya kazi. Urefu ule wote umeenda kwenye kabini pana, na nguvu ya motere imefikiriwa kwa kuvuta trela kwenye lami.

Hesabu ya magunia

Kwenye karatasi, Hilux ya kazi inabeba karibu tani moja. 79 ya kabini moja inapita hapo kidogo, kama kilo 1100 ao 1200 kufuatana na namna ilivyotengenezwa. Watu wanasikia "tani moja" na kufikiri ni tani moja ya maharagi peke yake. Hapana. Ndani ya tani ile wanahesabiwa shofa, abiria, bidoni za mazuti, vyuma vilivyochomelewa juu ya sanduku, hata turubali.

Chukua Hilux ya milango mine yenye watu wazima watano ndani, kila mmoja kilo 70. Hizo ni kilo 350. Zinabaki 650. Kama gunia la maharagi ni kilo 100, hayo ni magunia 6, halafu hakuna mtu tena wa kupanda nyuma. Sanduku lenyewe, kwenye gari ya milango mine, lina urefu wa kama mita 1.5 tu, kwenye Hilux ya kabini moja linafika mita 2.3. Mfanyabiashara anayechagua milango mine juu ya heshima amekwisha kupoteza nafasi ya mzigo kabla gari haijatembea. Kusema kweli, uchaguzi huu wa kabini unagusa faida kuliko ule wa Hilux na Land Cruiser, lakini watu hawauzungumzii.

Kila mtu anajua namna mambo yanavyokwenda barabarani: magunia 15, watu 10 juu yake, kuku na godoro. Hizo zinapita tani mbili. Gari inatembea, ndiyo maana watu wanaamini kwamba inaweza. Lakini inalipa polepole. Resori zinalala, beringi za mipira zinakufa, na shasi inaanza kupasuka nyuma ya kabini, pale ambapo uzito unaivunja kama kijiti. Kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, ao ule wa Kabasha upande wa Kanyabayonga, freni zilizotengenezwa kusimamisha tani tatu zinaombwa kusimamisha tani nne. Land Cruiser itavumilia mambo hayo muda mrefu zaidi kuliko Hilux, lakini freni zake si freni za lori. Anayejua tangu sasa kwamba atabeba tani 2 ao 3 kila juma, aache pikapu zote mbili na kutafuta lori dogo kama Canter.

Mlima, matope na bidoni

Land Cruiser 79 nyingi zinazotembea Kongo ziko na motere ambayo mafundi wanaita 1HZ: silinda sita, lita 4.2, mazuti, bila turbo. Ilianza mwaka wa 1990 na haijabadilika sana. Nguvu yake ni kama farasi 130. Hilux ya lita 2.4, ya aina iliyotoka mwaka wa 2015, iko na farasi kama 150, na ile ya 2.8 inapita hapo. Kwa hiyo ile "ndogo" ndiyo yenye nguvu zaidi, na mlimani tofauti inaongezeka. Motere bila turbo inapoteza karibu sehemu moja juu ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1000 za kupanda, kwa kuwa hewa inapungua. Butembo iko juu ya mita 1700. Turbo inasukuma hewa ndani kwa nguvu, ndiyo maana Hilux inapanda bila shida wakati 79 yenye mzigo uleule inabaki kwenye vitesi ya pili ikitoa moshi.

Basi juu ya nini watu bado wanaipenda? Juu ya mazuti. Motere za kisasa za Hilux zinapiga mazuti kwa presha inayopita bari 2000, kupitia matundu madogo sana. Maji kidogo ao uchafu kutoka bidoni iliyouzwa kando ya barabara unatosha kuharibu injekta, na kubadilisha injekta kunaweza kula faida ya safari nyingi. 1HZ inatumia pompi ya chuma, bila kompyuta ya kuiongoza, na kwa presha ya chini sana. Nayo haipendi mazuti machafu, lakini inavumilia, na fundi wa Shabunda ao Mambasa anaweza kuifungua kwa funguo zake za kawaida. Hilux ya kisasa ikiwasha taa ya motere, inaomba mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta yake. Mjini utampata. Katikati ya pori la Walikale, wewe na gari mtalala pale.

Iko na njia ya kati ambayo vijana wanaidharau: Hilux za zamani zenye motere 5L, lita 3, bila turbo. Ni nzito kwenye mlima, lori linaweza kukupita, lakini hazina kitu cha kuogopesha fundi. Kama shasi bado ni nzima, ni gari ya kazi.

Mwenye Hilux ya turbo naye anaweza kujilinda. Abadilishe filtri ya mazuti mapema kuliko kitabu kinavyosema, atoe maji yanayojikusanya ndani yake, na asijaze bidoni ya njiani kama bado ana mazuti ya kumfikisha kwenye stasheni. Aangalie pia gari imetoka wapi. Hilux za miaka ya karibuni zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya ziko na chujio la moshi na tanki ya kimiminiko kinachoitwa AdBlue. Zinataka mazuti safi ambayo huko vijijini hayapatikani. Bei yake inaweza kuwa nzuri, lakini ukikosa AdBlue, kompyuta inaweza kukataa kuwasha motere.

Kwenye matope zote mbili zinatoka vizuri, ikiwa ziko na 4x4 kweli. Kuna Hilux nyingi zinazovuta kwa mipira ya nyuma tu, na kwa nje zinafanana. Tazama kama kuna wenzo wa pili karibu na ule wa vitesi, ao kifungo chake. 79 nyingi zinavaa mipira ya 7.50R16 yenye chubu ndani, ambayo kijana yeyote wa kuziba mipira anaijua. Kwa wanaotembea juu ya mawe makali ya volkano kule Goma na Nyiragongo, hilo si jambo dogo.

Halafu kuna bei ya kula kwake. Kwenye barabara mbaya na mzigo, Hilux ya turbo inaweza kutumia lita kama 10 kwa kilomita 100, na 79 kama 14. Tofauti ni lita 4. Gari inayotembea kilomita 2000 kwa mwezi, hizo ni lita 80 kila mwezi. Zidisha na bei ya mazuti ya kwenu, kisha uzidishe na miezi 12.

Ile ya ndugu wa Marekani

Iko na jambo moja zuri: usukani uko kushoto, na Kongo watu wanatembea upande wa kuume. Hilux nyingi zinazopitia Uganda ao zinazotoka Japani ziko na usukani kuume, na shofa wake, akitaka kupita lori kwenye kona, anatoa gari yote nje kabla hajaona kinachokuja. Hilo limekwisha kuua watu.

Lakini mazuri yanakoma karibu hapo. Pikapu kubwa nyingi za Marekani zinatumia esansi. Tundra iliyotengenezwa mpaka 2021, kwa mfano, iko na V8 ya esansi ya lita 5.7, na kwa mzigo mlimani inakunywa kupita hata 79. Piesi zake hazipangwi kwenye maduka ya Butembo ao Bukavu, ambako piesi za Hilux na Land Cruiser zinajaa, za kweli na za bandia. Kioo kikivunjika, unangoja kontena. Na upana ule wa mita 2 unaonekana siku unapokutana na lori kwenye njia iliyomegwa na mvua. Kama ndugu ana moyo wa kusaidia, amwulize shofa wa nyumbani kwanza, ama atume makuta.

Nani achukue nini

Anayezunguka kati ya Beni na Butembo, kilomita 54, na kulala nyumbani jioni, hana sababu ya kulipia Land Cruiser. Hilux ya kabini moja itamfaa, na makuta yanayobaki yanunue mzigo wa kwanza. Koperative inayotoa kakao kijijini kwa njia ya matope, na hospitali inayofuata wagonjwa siku mbili mbali na garaje, hizo ndizo zinafaidika na 79. Hapo bei yake ya juu inalipa usiku ambao hautalala porini.

Kuna jambo lingine ambalo wenye magari wanalisema kwa sauti ya chini. Land Cruiser inapendwa na kila mtu, hata na wale wenye bunduki. Si Kongo tu: mapigano ya Chad na Libya ya mwaka wa 1987 yaliitwa "vita vya Toyota" kwa sababu ya pikapu hizi. Hilux nayo haisalimiki. Lakini anayeishi mahali ambapo magari yanachukuliwa kwa nguvu, afikiri mara mbili kabla ya kuweka mali yake yote ndani ya gari moja ambayo kila mtu anaitamani.

Na kwa kuwa wengi watanunua okazio, ingieni chini ya gari na taa. Tafuteni alama za kuchomelea kwenye shasi nyuma ya kabini, na mhesabu lamu za resori: zikiwa zimeongezwa, gari ilibeba zaidi ya uwezo wake. Land Cruiser nyingi za okazio zinatoka kwenye mashirika ya misaada, na mara nyingi zilitunzwa vizuri. Lakini nyingi ziliingia nchini bila kulipa ushuru, kwa kuwa shirika lilikuwa na ruhusa, na ruhusa ile haihami pamoja na gari. Kabla ya kutoa hata dola moja, muulize muuzaji karatasi za DGDA zinazoonyesha kwamba ushuru umelipwa, na mlinganishe namba iliyopigwa kwenye shasi na ile iliyoandikwa kwenye karte roze.