Maabara ya Tarakilishi na Mkono wa Sheria

Tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa maabara yetu ya tarakilishi lasema kwamba atakayetumia mitambo vibaya ataadhibiwa. Sisi tukisoma hivyo, twafikiria kufyeka nyasi au, ikizidi sana, kumleta mzazi. Kumbe kuna adhabu nyingine isiyotoka kwa mwalimu wa zamu, na wengi wetu hatujaisikia.

Mnamo Mei 16, 2018, Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao. Kifungu cha 14 chahusu mtu anayevunja kinga ya tarakilishi ili aingie mahali anapojua hana ruhusa. Huyo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 3, au yote mawili. Hapo hata herufi moja hajaibadilisha! Akigeuza D ya Hisabati iwe B, amefika kifungu cha 16: hadi milioni 10, au miaka 5. Chini ya sheria ya mawasiliano ya 2009, faini ya kuingia bila ruhusa ilikuwa haizidi shilingi 200,000. Linganisha mwenyewe.

Lakini tusitishane bure. Anayecheza karata kwenye mashine wakati wa somo hajavunja sheria ya nchi. Huyo ni wa mwalimu wa zamu. Kuna maneno mawili ya kuangalia: kuvunja kinga, na kujua kwamba huna ruhusa.

Kilichonishangaza zaidi ni kifungu cha 19. Kumpa mwingine neno la siri, ukijua huna idhini ya kulitoa, ni kosa peke yake, hata kama wewe hukugusa mashine. Adhabu yake yafika milioni 5 au miaka 3. Na sote twajua jinsi neno la siri la mwalimu linavyosambaa bwenini, upesi kuliko habari ya nyama jikoni.

Chukua wavulana wawili wa Kidato cha Nne kwenye kiti kimoja. Mmoja ametimiza miaka 18, mwingine ana 16. Wamefanya kosa moja, dakika ile ile. Wakifikishwa katika mahakama ya hapa Nanyuki, yule wa 18 ni mtu mzima, na jela yaweza kuwa yake. Wa 16 bado ni mtoto. Sheria ya Watoto ya 2022 hairuhusu mtoto kufungwa jela. Aweza kuwekwa chini ya afisa wa probesheni, au kesi yake ikamalizwa nje ya mahakama. Aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi kabisa. Ila faini nayo ina njia yake: mahakama yaweza kumwamuru mzazi ailipe. Sasa fikiria mama anayeuza viazi sokoni. Milioni 5 ni kikomo, na hakimu aweza kutoza kidogo sana, lakini kwa maoni yangu kikomo hicho ni kikubwa mno kwa mtu aliyechungulia alama tu.

Wengine husema, "Nani atajua?" Tarakilishi za ofisini aghalabu huweka kumbukumbu: saa, siku, na jina lililotumika kuingia. Jina litakaloonekana pale ni la mwalimu. Atakayeulizwa kwanza ni yeye, ambaye pengine usiku ule alikuwa kwake amelala. Jambo hili ndilo linaloniuma, maana ajira yake yaweza kutikisika kabla ukweli haujajulikana.

Nimependekeza kwa Chama tuandike tangazo jipya la mlango ule, kwa Kiswahili, likitaja vifungu vya 14, 16 na 19, adhabu zake, na umri wa miaka 18. Patroni amekubali kulisoma kabla halijabandikwa.