SHAHIDI MMOJA HATOSHI BAHARINI

Sisi askari tumezoea kumtafuta adui aliyejificha. Yafaa tutambue kwamba adui aweza pia kujionyesha mahali asipokuwapo, doria ikatumwa kusini hali jahazi lapita kaskazini.

Tuitazame pwani ya Kismayu. Kati ya mji huo na Ras Kamboni vimetanda visiwa vya Wabajuni, vikiwamo Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Februari 2012, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2036, lilipiga marufuku mkaa wa Somalia, kwa kuwa fedha zake ziliwanufaisha Al-Shabaab. Tarehe 28 Septemba mwaka huo majeshi ya Kenya yaliteremka pwani ya Kismayu. Hata hivyo mkaa uliendelea kusafirishwa, mwingine kwa vyeti vya uongo vilivyodai kwamba umetoka Komoro.

Kama karatasi, redio nayo hudanganya. Tangu mwisho wa 2004 meli kubwa ziendazo ng'ambo zimepaswa kuwa na chombo kinachotangaza jina lake, mahali ilipo na mwendo wake. Wapokeao hawana njia ya kujua, kwa tangazo hilo peke yake, kama ni la kweli. Juni 2021 matangazo hayo yalionyesha manowari mbili, Defender ya Uingereza na Evertsen ya Uholanzi, zikielekea Sevastopol, hali kamera za bandari ya Odessa zilizionyesha zimefungwa gatini.

KUMTAMBUA MWONGO

Maneno ya siri husaidia, lakini hayatoshi: kituo kilichotekwa husema uongo kwa sauti tunayoiamini. Kinga ya pili ni ramani na dira. Vituo viwili vikipima mwelekeo wa chombo, mistari yake hukutana mahali pamoja hata kama kimoja kimedanganya. Cha tatu kikiongezwa, mistari hufanya pembetatu. Ikiwa ndogo, ni kasoro ya kawaida ya vipimo. Ikiwa pana, kuna uongo, ila hatujui ni wa nani. Kwa kituo cha nne, mistari mitatu ya kweli hukutana na wa uongo hubaki peke yake. Waongo wawili wakishauriana, vituo visipungue sita.

Kosa kubwa ni kuchukua wastani wa taarifa zote, kwani mwongo mmoja akitia chumvi ya kutosha huvuta jibu zima upande wake. Kwanza atengwe, ndipo hesabu ifanywe. Kanuni ni hiyo hiyo kwa rada na kwa vihisi vidogo vinavyotegwa ufuoni kunasa sauti na mitetemo.

Tena mashahidi wasiwe wa aina moja, maana adui ajuaye kuihadaa redio moja aweza kuzihadaa kumi. Mvuvi wa Kibajuni hana rada, bali aijua mikondo kati ya visiwa vyake, na jahazi geni hulitambua kwa tanga lake. Doria ikimdharau au kumnyanyasa, atanyamaza. Na hapo tutakuwa tumekifunga kituo cha nne kwa mikono yetu wenyewe.